Sauti ya Mlango wa Gereji

Kuna watu watakaokwambia kwamba mlango wa chuma haujifungui wenyewe. Hajara alijua kwamba hujifungua. Ubaya wote wa mambo haya unaanzia hapo, kwamba alijua, na siku ya kusema hakusema.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya tatu tangu gari liuzwe, na siku ya arobaini na tatu ya eda yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, saa kumi na moja na dakika chache za jioni, akasikia mlango wa gereji ukinguruma kupanda juu, vile vile ulivyonguruma kila jioni marehemu mumewe, Hadji Abubakar, aliporudi kutoka dukani Nakivubo. Akili ilipomrudia, tayari alikuwa jikoni, birika mkononi, anatafuta kiberiti. Ndipo alipokumbuka kwamba mnywaji wa chai ile yuko kaburini. Akaliweka birika chini taratibu, akakaa kwenye kigoda, akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya maziko. Alipomaliza alijiona mwepesi, na hilo likamtia haya kidogo.

Kesho yake, wakati ule ule, mlango ukanguruma tena. Safari hii hakulia. Alikaa tu akasikiliza mpaka ukafika juu na kutulia, kisha akasikia Anselme, mlinzi, akitembea na kuufunga.

Nyumba ile iko Luzira, kwenye mteremko wa kushukia Port Bell. Gereji imejengwa ndani ya ukuta wa ua. Mlango wake unatazama barabarani, na nyuma yake kuna uwazi wa kuingilia uani. Ukishaingia gerejini umeshaingia nyumbani. Hadji alikuwa mwoga wa majambazi wala hakuona haya kukiri. Alisema jambazi wa Kampala hahangaiki kuruka ukuta, hukungoja nje wakati unapiga honi ufunguliwe. Kwa hiyo alipopata gari lake la Kijerumani lililotokea Uingereza, lenye vifungo vitatu vidogo chini ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, alileta fundi akafunga mota juu ya mlango na kukifundisha kifungo cha kwanza kuufungua. Honi ikaisha, kusubiri kukaisha. "Rimoti huibwa, huanguka sokoni," alimwambia kila mgeni, hata asiyeuliza. "Hiki kimo ndani ya gari lenyewe. Nani atakiona?" Kwamba gari nalo huuzwa, hilo halikumpitia kichwani. Mtu hapangi biashara za baada ya kufa kwake.

Rimoti moja ya akiba alipewa Anselme. Huyu alikuwa Mkongomani wa Butembo, mlinzi wa nyumba ile kwa miaka sita, akiishi na mkewe Kahambu na watoto wao wawili katika vyumba viwili vya uani. Mota ilipofungwa, majirani walimpa pole mapema, wakijua kazi imekwisha. Hadji akambakiza. Fundi alimwonyesha ile kamba nyekundu inayoning'inia darini: umeme ukikatika, uivute, mota iachie, mlango uinuliwe kwa mikono. Kila jioni mlango ulipopanda, Anselme alisimama kando, akavua kofia na kusema, "Karibu nyumbani, patron," kana kwamba ni yeye aliyeufungua. Halafu aliingia kibandani kwake na kuandika katika kaunta buku saa ya patron kurudi. Aliandika kila kitu katika buku lile. Kahambu alikuwa akimcheka kwamba siku moja ataandika hata kuku wakitoka.

*

Hadji aliacha mke mmoja, binti mmoja aliyekuwa bodingi, na mdogo wake Faizal. Wanaojua mirathi wanajua maana yake: Faizal alikuwa na fungu katika nyumba ile, na Faizal hakuwa mtu wa kusahau fungu. Tangu wiki ya kwanza alikuwa akisema kwa sauti ya upole kwamba nyumba isiyo na mwanamume ni jaribu kwa wezi, na kwamba yeye, mkewe na watoto wao watano wako tayari kuhamia kuilinda. Hajara alimjibu kutoka nyuma ya pazia kwamba yuko salama, anaye Anselme. Alijua kwamba Faizal akiingia na godoro lake, hakuna atakayemtoa.

Gari aliliuza Faizal, siku ya arobaini, akisema gari likisimama huoza. Mnunuzi alikuwa bwana mmoja mtulivu aitwaye Ogwal. Alipokuwa gerejini akilizungukazunguka, Kahambu aliingia chumbani kwa Hajara. Wakati wote wa eda Anselme hakuzungumza na Hajara uso kwa uso; neno lake lilipitia kwa mkewe, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

"Mama," Kahambu alisema, "Anselme anasema ile kifungo ya mu kioo bayifute kwanza. Mulango ya gereji iko ndani yake."

Hajara alikuwa na koti la mumewe mapajani. Alisikia vizuri. Ila neno lile la kufuta lilimchoma. Siku arobaini watu walikuwa wakifuta: walishafua nguo zake, wakagawa viatu vyake, wakafunga akaunti yake. Akasema waache waende zao, watazungumza siku nyingine. Kahambu akatoka, akamwambia mumewe, na mumewe akaandika katika buku.

Basi gari likatoka na ufunguo wa nyumba kiooni mwake. Ogwal hakujua. Alikaa Ntinda, lakini binti yake wa miaka mitano alisoma Luzira, na kila jioni alipita kumchukua kwa barabara ya juu, hatua chache kutoka kwenye gereji. Mtoto alipenda kukaa mbele na kubonyeza vile vifungo vitatu kwa zamu. Havikuwasha redio wala havikupuliza upepo, kwa hiyo baba yake alimwacha acheze.

*

Wiki nne mlango ulinguruma jioni, isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Mtu mwenye akili angejiuliza mzimu gani huu wenye kufuata kalenda ya shule. Hajara hakutaka kujiuliza. Aliukalia mkeka mapema, akajifukiza udi kidogo, jambo ambalo mwenye eda hatakiwi kulifanya, na kungoja. Kahambu, aliyekuwa akimletea chai saa zile, alimwona. Alimwona anavyoinamisha kichwa, anavyofumba macho, na anavyotabasamu mlango ukipanda. Hakumwuliza kitu. Alitoka polepole asipige kelele na vikombe.

Siku ya sabini na moja ilinyesha mvua kubwa, na shule zikafunga mapema. Hajara alikuwa ametamani samaki. Alimtuma Anselme sokoni Port Bell, kupitia kwa Kahambu kama kawaida, na Anselme akaondoka saa nane na nusu amejifunika gunia. Kahambu alikuwa nyuma akianua nguo na kuhangaika na maji yaliyokuwa yakiingia vyumbani mwao. Saa tisa na kidogo mlango ukanguruma. Hajara alikuwa amejilaza. Alifikiri, leo umekuja mapema, akatabasamu na kujifunika shuka. Aliusikia ukipanda. Hakuusikia ukishuka. Mvua ilikuwa nzuri, shuka lilikuwa na joto, akalala.

Anselme aliporudi na samaki alikuta gereji wazi, na majora yote ya kitambaa cha kanzu, yale yaliyohamishwa kutoka dukani, hayapo. Baiskeli ya binti wa Hadji nayo haikuwepo. Alama za matairi ya mkokoteni zilikuwa zimejaa maji. Alisimama hapo na samaki wake, maji yakimchuruzika, kisha akaenda kibandani kuandika.

*

Faizal alikuja asubuhi na mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa bidii. Hajara alikaa nyuma ya pazia la sebuleni. Faizal alikaa kwenye kiti cha marehemu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Anselme alisimama mlangoni, viatu amevivua nje, soksi moja ina tundu na kidole kikubwa kimetokeza. Kahambu alisimama penye ncha ya pazia, mahali ambapo aliweza kuwaona wote, wa huku na wa kule. Katika chumba chote ni yeye peke yake aliyeuona uso wa Hajara.

Faizal aliuliza rimoti iko wapi. Anselme akaitoa mfukoni. Akauliza ziko ngapi. Anselme akasema moja. Basi, akasema Faizal, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Rimoti ni moja, inakaa kwa mtu mmoja, na mlango umefunguliwa bila kuvunjwa. Mtu huyo ameufungua wakati anatoka, akaenda zake sokoni ili aonekane huko, na wenzake wakaingia na mkokoteni.

"Patron, mimi sikufungula," Anselme alisema. "Ile gari iko inapita kule juu, na mulango iko inajifungula. Mara moja nilionaga mukia yake ku kona. Muulize ule baba mwenye alinunua."

Faizal akacheka. Akasema hawezi kwenda kujidhalilisha kwa mtu mwenye heshima zake, kumwuliza kama anawaibia wafiwa. Kisha akaegemea mbele. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kuuliza.

"Unasema umekuwa ukijifungua. Tangu lini?"

"Wiki nne, patron."

"Na ile kamba nyekundu? Kaka yangu hakukuonyesha? Ukiivuta mota inakufa, mlango haufunguki ng'o. Wiki nne unaona mlango unajifungua, na kamba iko juu ya kichwa chako. Kwa nini hukuivuta?"

Hapo Anselme alitazama pazia, akatazama soksi yake, akalikunja lile tundu chini ya kidole. Kimya chake kilimhukumu kuliko maneno yote ya Faizal. Faizal akashusha pumzi ya mtu aliyemaliza kazi.

Kahambu ndiye aliyesema. Hakumgeukia Faizal. Alimgeukia aliyekaa nyuma ya pazia.

"Mama, si nilikuambiaka? Siku ya gari. Ulikuwa umekaa na koti ya Hadji. Nilikuambia habari ya ile kifungo."

Sasa mtazameni Hajara. Alikumbuka neno kwa neno. Alijua kwamba mlango ulifunguka Anselme ana nusu saa nzima tangu aondoke, na kwamba aliondoka kwa sababu yeye alitamani samaki. Alijua pia kwamba akisema haya, Faizal atasema: kumbe uliambiwa, ukapuuza, ulisikia mlango, ukalala, shemeji, nyumba hii imekushinda. Godoro lingefika kabla ya magharibi. Na zaidi ya hilo, angelazimika kusema mbele ya wanaume kwa nini alipenda mlango ujifungue. Hilo lilimwogopesha kuliko hata godoro.

"Shemeji," Faizal aliuliza, "uliambiwa?"

"Sikumbuki," akasema Hajara.

Kahambu alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba ndiye. Halafu akalishika pazia akalinyoosha vizuri, lisiache uwazi, akaenda kusimama karibu na mumewe.

Faizal alisema kwamba kwa huruma yake hatawapeleka polisi, ingawa wakimbizi wenye kesi hujulikana wanakoishia. Waondoke kabla ya adhuhuri. Hajara alijiambia kwamba hiyo nayo ni rehema, kwamba watapata kwingine, Wakongo hawakosi ndugu. Alisikia wakivuta masanduku yao uani. Alisikia mtoto mdogo akiuliza kama wanakwenda safari. Anselme aliacha kila kitu mahali pake: rimoti juu ya meza, tochi, gunia, na kaunta buku kibandani, kwa sababu lilikuwa la nyumba.

Godoro la Faizal halikuja. Badala yake, jioni ile ile, alikuja mlinzi aitwaye Wanyama, mtu wa Faizal, analipwa na Faizal na kumsikiliza Faizal. Amri ya kwanza ilikuwa kuivuta kamba nyekundu na kufunga mlango kwa kufuli. Amri ya pili ilikuwa kila anayeingia na kutoka aandikwe, hata mwenye nyumba, na kila Ijumaa baada ya sala Faizal alipita kibandani kulisoma buku. Alipoliona limejaa nusu tu alisema hakuna haja ya kununua jipya, akaanza ukurasa msafi bila kuyatazama ya nyuma. Hajara alikuwa amemtoa Anselme ili Faizal asiingie. Faizal akaingia kwa miguu ya Wanyama.

Saa kumi na moja ya siku ile mlango haukunguruma. Wala ya kesho yake.

*

Siku ya mia na tatu ilikuwa siku ambayo Mwalimu Fatumah huja kumsomesha. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nzito, aliyesomesha wanawake wa mtaa na asiyemwogopa mume wa mtu. Walikuwa katikati ya sura, Wanyama akaja kusema yuko mgeni mwenye gari. Alikuwa Ogwal. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini, akazungumza na pazia.

"Mama, pole sana. Mimi iko na maneno ya haya." Akaizungusha kofia magotini. "Mtoto yangu nasema hii gari nafungua nyumba ya watu. Mimi nakataa, nasema mtoto nadanganya. Yeye nasema, hapana, zamani ilikuwa nafungua, sasa nakataa. Leo mimi najaribu kuuliza askari yako. Yeye nasema mlango iko na mota, lakini kamba navutwa."

Fatumah akatoka naye, na Hajara akaenda dirishani. Wanyama alifungua kufuli na kuirudisha kamba. Ogwal aliingia garini, akabonyeza. Mlango ukanguruma, ukapanda, ukafika juu, ukatulia. Hajara alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ile ile, haikupungua kitu. Ogwal akatikisa kichwa kwa aibu. Akasema rafiki yake fundi amemweleza namna ya kufuta: unashika vifungo viwili vya pembeni kwa pamoja, unahesabu mpaka ishirini, taa inapepesa, basi. Akashika. Alihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, na Hajara, bila kutaka, akahesabu naye. Ishirini. Akabonyeza tena kifungo cha kwanza. Mlango haukusogea.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, sekunde ishirini, na ingefanyika siku ya arobaini kama angesema ndiyo.

Ogwal alipoondoka, baada ya kuomba radhi mara nne kwa kosa ambalo si lake, Fatumah alirudi akakuta Hajara amekaa chini. Hajara akamweleza yote, na hata habari ya udi. Fatumah alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu kwa udi.

"Basi vaa utoke," akasema. "Nitakusindikiza mimi. Mtu umemvunjia jina, nenda ukalijenge."

"Niko edani, Mwalimu. Zimebaki siku ishirini na saba."

"Hajara, eda ni ya kumlilia mume, si ya kujifichia watu. Haja kama hii mtu hutoka mchana akarudi. Mimi ndiye niliyekusomesha, usinisomeshe."

Hajara akasema watu wataongea, akasema Faizal, akasema zikiisha tu, siku ya kwanza kabisa. Fatumah alikunja kitabu chake. Alisema majuto ni mjukuu, akaenda zake bila kunywa chai.

Usiku wa siku ile Hajara hakupata usingizi, na asubuhi akapiga simu. Namba ya Kahambu ilikuwa bado imo. Iliita mara tatu, ikapokewa, na sauti ya Anselme, si ya Kahambu, ikasema kwa haraka, "Allô? Mama? Ni wewe?" Miezi yote ile ya eda hakuwa amezungumza naye moja kwa moja. Maneno aliyoyapanga yote yakamkimbia. Akakata. Akajiambia atapiga tena jioni, na jioni akajiambia kesho.

*

Siku eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo ya rangi, akapita kibandani. Wanyama akamwuliza anakwenda wapi aandike. Akasema kutembea. Wanyama akaandika: Mama Hajara, saa tatu, kutembea.

Simu ya Kahambu ilikuwa haipatikani tena. Alichokijua ni kwamba walikuwa wakisali Kabalagala, katika kanisa la Wakongo lililo nyuma ya baa. Alizunguka mno. Aliuliza kwenye duka la vitenge, akauliza kwa mchoma nyama, akiwa amejitanda mtandio wake katikati ya mabango ya bia, na vijana wakamtazama. Mwishowe akalipata, ukumbi wa mabati wenye viti vya plastiki. Mchungaji Elie, mzee mwembamba, alikuwa akifagia. Hajara alijitambulisha. Mzee akaacha kufagia, akamvutia kiti, akamletea maji.

Alimweleza kwa adabu, na adabu ile ilimwumiza Hajara kuliko matusi. Familia ililala pale ukumbini, nyuma ya spika. Anselme alitafuta kazi nyumba tatu, na mara zote tatu karibu aipate. Lakini matajiri hupiga simu kuuliza mtu ametoka wapi, na Anselme, kwa kutotaka kumsumbua aliye edani, alitoa namba ya Bwana Faizal. Baada ya simu hakuna aliyemtaka. Siku kumi na moja zilizopita walipanda basi kwenda Nakivale, kambi ya wakimbizi. Huko wanagawiwa kipande cha shamba, ila Anselme hajawahi kulima, na mtoto mdogo ana kifua.

"Kahambu alitaka wende mapema," mzee alisema. "Ni bwana yake alikataa. Alisema, Mama yuko mu kilio, kilio ikiisha ataita. Siku moja simu iliita, ikakatika. Sisi wote tulisema, si unaona, hataki. Yeye akasema hapana, Mama amekosa salio. Akangojea tena wiki mbili."

Hajara aliyanywa maji yale yote kwa sababu hakujua afanye nini na mikono. Alimwachia mzee namba yake, akasema wakipiga, saa yoyote. Mzee akaiandika nyuma ya kitabu cha nyimbo na kusema kule mtandao ni shida.

*

Alirudi Luzira jua limeanza kulegea. Wanyama alikuwa kibandani akila karanga. Alimsogezea buku ili ajaze saa ya kurudi, na Hajara akaomba kalamu. Hakuandika. Akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, kuivuka miandiko ya Wanyama, mpaka akafika kwenye herufi zilizolala upande, zilizoandikwa kwa kubana ili karatasi isiishe. Wanyama akafikiri anatafuta jina la mgeni.

Siku ya gari: *Gari imeuzwa. Kifungo ya mulango imebaki mu kioo. Nimemwambia Mama mu kinywa ya Kahambu. Mama amesema siku ingine.*

Siku tatu baadaye: *Saa 11 na dakika 8. Gereji imejifungula. Hakuna mutu. Nimefunga.*

Kesho yake: *Saa 11 na dakika 10. Gereji imejifungula. Nimefunga.*

Na siku iliyofuata, mistari ilikuwa mingi kuliko kawaida, na Hajara akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

*Saa 11 na dakika 12. Gereji imejifungula. Nilitaka kuvuta kamba nyekundu, mota isifanye kazi tena. Kahambu amesema uache. Amesema Mama akisikia ule mulango anacheka kidogo, na tangu Hadji afe hajacheka. Nimeacha kamba. Nitakuwa ninakaa karibu na kufunga mwenyewe.*

Alisoma mara mbili. Alimwona Anselme mlangoni pa sebule na soksi yake, Faizal akimwuliza kwa nini hakuvuta kamba, na Anselme akilitazama pazia. Alikuwa na jibu. Angelisema tu, angepona. Alimeza jibu lake ili asimwaibishe mke wa patron mbele ya shemeji yake, na mke wa patron akasema hakumbuki. Hajara alishika ubao wa kibanda. Wanyama alimwuliza kama anaumwa, akasema haumwi, ingawa ilimwuma mpaka kwenye meno.

Akarudi kwenye ukurasa wa leo. Akakata neno *kutembea*. Pembeni yake, pale pa sababu ya safari, akaandika kwa mkono wake, polepole, kila herufi peke yake: *Kumtafuta Anselme. Hakuiba. Mlango ulijifungua wenyewe. Niliambiwa, na ninakumbuka.* Akatia jina lake kamili.

Wanyama aligeuza buku, akasoma huku akisogeza kidole. Alisoma tena. Karanga zikabaki mkononi.

"Mama," akasema, "kesho ni Ijumaa. Mzee Faizal nakuja soma hii buku."

"Najua," Hajara akasema. "Andika saa ya kurudi."

Wanyama akatazama simu yake. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi, akaandika hivyo. Hajara alisimama pale pale akiutazama mlango wa gereji kwa muda mrefu. Magari yalipita barabara ya juu, moja, halafu jingine. Mlango ulikuwa umefungwa, nao ukabaki umefungwa.